Kadi ya mtoto ipo, ya bibi iko wapi? Maswali na majibu kwa wanaolea wajukuu

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kaya nyingi za Bukoba na Muleba zilikuwa zimebakiwa na wazee na watoto tu, katikati hakuna mtu. Wajukuu wa wakati ule sasa ni watu wazima. Bibi mlezi, hata hivyo, bado yupo. Leo analea kwa sababu mama wa mtoto anatafuta maisha Dar es Salaam, au yuko Muscat kwenye kazi za ndani, au alizaa akiwa bado mwanafunzi, au ndoa ilivunjika na kila upande ukaanza upya.

Tunamsifu sana bibi huyu. Ni nadra tukampima presha.

Nina miaka 66, nalea wajukuu watatu. Siumwi, ila jioni kisogo kinagonga. Presha naipimia nini na dawa zenyewe ni za kunywa maisha?

Unapima kwa sababu presha haina desturi ya kupiga hodi. Wengi wenye presha hawasikii chochote mpaka siku mkono unapolegea na mdomo kwenda upande. Ikipimwa siku zaidi ya moja na kukutwa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kutibiwa. Na ndiyo, mara nyingi dawa ni za kila siku. Mchaichai na kitunguu swaumu kunywa na kula ukipenda, lakini havichukui nafasi ya kidonge.

Kinachonisumbua zaidi ni bibi anayejua ana presha na ameacha dawa. Ukimuuliza atasema amepona. Ukikaa naye kidogo utaambiwa kwamba hela ya dawa ilinunua madaftari. Naielewa hesabu hiyo, ila ina kasoro. Bibi akipata kiharusi, hao watoto watatu watakuwa wamepoteza mlezi kwa mara ya pili, na safari hii hakuna bibi mwingine nyuma yake. Huduma kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya serikali, na sera inawasamehe gharama pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ulizia kitambulisho cha matibabu cha wazee kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako. Na siku umempeleka mtoto kupimwa uzito, kabla hujafunga mbeleko, sema: "Muuguzi, na mimi nipime."

Nachoka hata nikilala. Si uzee tu?

Uzee unapunguza kasi. Uchovu wa kukufanya ushindwe kumaliza kufagia una sababu yake: upungufu wa damu, sukari, moyo, kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kapime makohozi mapema, maana watoto wadogo unaolala nao chumba kimoja huambukizwa upesi. Magoti nayo hayapendi kukaa siku nzima wala kuchuchumaa na ndoo ya lita 20. Tembea, beba kidogo kidogo, na mtoto wa miaka mitatu ashuke mgongoni, ana miguu.

Nimeletewa kichanga cha miezi mitatu, mama yake hayupo. Nimpe maziwa ya ng'ombe?

Usianze na ng'ombe. Chini ya miezi sita, maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za kichanga zinavyomudu, hayana madini chuma ya kutosha, na yanaweza kumfanya avuje damu tumboni kidogo kidogo bila wewe kuona. Uji nao ni mapema mno. Yakikosekana maziwa ya mama, salama zaidi ni maziwa maalumu ya watoto wachanga, yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kuyaongeza maji ili yafike mwisho wa mwezi ni kumshindisha mtoto njaa. Ndugu anayenyonyesha anaweza kumsaidia, lakini apime virusi vya UKIMWI kwanza, na jambo hilo liamuliwe kliniki. Nywesheni kwa kikombe kisafi. Chupa ya kunyonyea kuisafisha vizuri ni kazi kubwa.

Maziwa hayo ni ghali, najua, kwa hiyo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uonane na ofisa lishe au ustawi wa jamii kabla mtoto hajaanza kukonda.

Akifika miezi sita, hapo maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaruhusiwa pamoja na chakula. Kwetu Kagera shida ni kwamba ndizi hujaza tumbo la mtoto haraka halafu tunadhani ameshiba. Ipondee maharage, dagaa waliosagwa, yai au parachichi, na mafuta kidogo. Senene wakiwa msimu, mtoto aliyekwishaota meno asinyimwe, wasagwe tu. Asali subiri atimize mwaka mmoja. Kliniki watampima mkono kwa utepe kuanzia miezi sita hadi miaka mitano: chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, chini ya 11.5 ni hali mbaya inayohitaji matibabu mara moja. Miguu ikivimba, usisubiri utepe.

Jambo jingine dogo: kichanga alale chali. Mabibi wengi walifundishwa kumlaza kifudifudi asipaliwe, na tangu hapo ushauri umebadilika.

Macho yangu hayasomi vizuri vipimo vya dawa. Nafanyaje?

Mwambie mfamasia akupe bomba la sindano lisilo na sindano, alichore mstari wa kalamu mahali dozi inapofika. Kijiko cha chai cha nyumbani hakiaminiki. Kisha kapime macho: huenda unahitaji miwani ya kusomea tu, au una mtoto wa jicho, ambao hutolewa kwa upasuaji mfupi.

Sasa kuhusu dawa zako mwenyewe. Mabibi huzifunga kwenye pindo la kanga au kuziweka chini ya mto, mahali pale pale mjukuu anapochezea. Kidonge kimoja cha sukari aina ya glibenklamidi kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka azimie. Vidonge vya presha navyo ni hatari kwake. Vitie kwenye kopo lenye mfuniko, juu, mbali na macho yake. Akimeza, mkimbize hospitali na pakiti mkononi, hata kama anacheka na kurukaruka. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Nusu dozi ya dawa mseto iliyobaki ya kaka yake si tiba, na aspirini si ya mtoto. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au asipoamka, hiyo ni dharura, usiku au mchana.

Mjukuu wangu ana miaka tisa, anatumia dawa za kufubaza virusi. Nilimwambia ni za kifua. Ameanza kuuliza.

Akiuliza, tayari anajua kuna jambo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wenye umri wa shule, miaka 6 hadi 12, waelezwe hali yao hatua kwa hatua kulingana na uelewa wao. Mwaka huu anaweza kuambiwa kwamba damu yake ina kirusi ambacho dawa inakilaza, na akiacha kunywa kinaamka. Jina la kirusi litafuata. Watumishi wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wamefundishwa kuongea na watoto, ombeni siku mzungumze mkiwa watatu. Anayegundua peke yake akiwa na miaka 14, kwa kusoma kadi au kwa kutaniwa na mwenzake, mara nyingi hukasirikia dawa na aliyemficha kwa pamoja. Hapo ndipo vidonge huanza kutupwa chooni.

Mueleze pia kwamba hakukosa kitu. Watoto hulihitaji sana neno hilo, na sisi watu wazima hulisahau.

Mjukuu hanisikii. Nikimkaripia anacheka. Nimezeeka au amezidi?

Yawezekana wala si wewe wala yeye. Katika makabila mengi yetu bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", babu humwita binti "mke wangu", wanadaiana mahari na kugombania nyama. Ukali ulikuwa kazi ya baba na mama, na mtoto akichapwa alikimbilia kwa bibi. Ukiwa mlezi wa muda wote unakuwa hakimu na wakili wa mtoto kwa wakati mmoja, naye hajui leo umevaa joho lipi. Ukikaripia, anasubiri utani.

Utani usiuue, ni dawa ya nyumba. Weka masharti machache yasiyobadilika, matatu au manne: saa ya kurudi nyumbani, kazi yake ya kila siku, kusema ukweli, simu kuzimwa usiku. Ukiyasema, sema bila kutania na bila fimbo, kisha urudi kwenye utani wako. Mjomba au baba mdogo anayeheshimika asaidie kufuatilia shule. Kwa binti, una faida ambayo mama yake hana: bibi anaweza kuongea waziwazi kuhusu hedhi, wavulana na mimba bila aibu. Itumie kabla ya darasa la saba. Na kama yuko kati ya miaka 9 na 14, hakikisha amechanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 Tanzania inatolewa dozi moja tu.

Tangu nimzike binti yangu silali. Mtoto wake naye amerudia kukojoa kitandani.

Pole sana, mama. Wote wawili mnaomboleza, kila mtu kwa namna yake. Mtoto asipigwe wala kuaibishwa kwa kukojoa. Mmemwambia mama amesafiri? Basi anasubiri. Mwambieni amekufa, kwa neno hilohilo, na muwe tayari kulirudia. Kulia mbele yake si kosa.

Kwa upande wako, huzuni isiyoisha, kukosa usingizi na hamu ya kula, maumivu ya mwili yasiyoonekana kwenye vipimo, au mawazo kwamba heri ungekufa wewe, vikizidi wiki mbili ni ugonjwa unaotibika. Mwambie daktari hivyohivyo, usiseme tu "mwili unauma". Mawazo ya kufa yakija, nenda leo, na usikae peke yako.

Kuna msaada wowote wa fedha?

Zanzibar, kila mkazi wa miaka 70 na zaidi analipwa pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wa miaka 70 na zaidi. Tanzania Bara hakuna pensheni ya wazee wote, kuna TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini zilizoorodheshwa, na orodha hupitia mkutano wa kijiji, hivyo mkutano usikupite. Huko Nshamba, Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo pamoja na nyongeza kwa mjukuu anayelelewa. Kwa maoni yangu, hiyo nyongeza ndiyo serikali ingeiga kwanza.

Mimi ndiye niliyemwachia mama mtoto. Natuma hela kila mwezi. Nini zaidi?

Hela ya mtoto na hela ya mama zitenganishe, la sivyo yake italiwa yote na mtoto. Ukipiga simu, muulize presha yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho, na umtajie tarehe ya kliniki ijayo. Usimfokee mtoto kwa simu halafu ukakata, bibi ndiye atakayebaki na kilio. Fuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, kwa wasajili wa vizazi, wewe mwenyewe, usimwachie mzee foleni. Ukija likizo, mpumzishe kweli: aende kwa dada yake, akae wiki.

Kisha mkae muandike karatasi moja: bibi akilazwa ghafla, mtoto anakwenda kwa nani usiku huo, namba yake ya simu ni ipi, kadi za kliniki ziko wapi, kila mtu anatumia dawa gani na saa ngapi. Nakala moja ibandikwe nyuma ya mlango, nyingine apewe jirani.