Damu kuganda kwa mjamzito mwenye presha: maana yake nini?

Mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, anatoka kliniki na karatasi mkononi. Presha 150 kwa 100, mkojo una protini, na ameandikiwa kipimo cha picha kamili ya damu. Wifi yake anashangaa: "Presha si wanapima mkononi? Damu ya nini tena?"

Ameuliza vizuri. Mimba, hata bila ugonjwa wowote, huifanya damu iwe rahisi kuganda. Mwili unajiandaa: kondo la nyuma likibanduka siku ya kujifungua, mishipa iliyobaki wazi lazima izibwe upesi.

Sasa ije presha ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba, ambayo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Hiyo huuchubua utando wa ndani wa mishipa. Damu ina chembe sahani, na kazi yake ni kukimbilia palipochubuka na kushikamana hapo. Zinakuta michubuko kwenye figo, kwenye ini, kwenye kondo. Zinanasa huku na kule mpaka zinapungua. Hapa ndipo wengi tunapotatizika: damu inaganda pasipotakiwa, halafu siku ya uzazi inakosa cha kuigandisha.

Picha kamili ya damu ndiyo inayozihesabu: kawaida chembe sahani huwa 150,000 hadi 400,000 katika mikrolita moja ya damu (sehemu moja ya milioni ya lita). Zikiwa chini ya 100,000 kwa mwenye presha hii, ugonjwa umeshakuwa mkali. Hata ganzi ya mgongo daktari huifikiria upya, maana damu inaweza kuvujia karibu na uti wa mgongo.

Pasipo na mashine kipo kipimo cha kuganda kwa damu ninachokiheshimu sana. Mkunga anatia mililita 2 za damu kwenye kichupa kikavu cha kioo, anakifumbata kiganjani kipate joto, na baada ya dakika 4 anakiinamisha polepole aone kama damu imeganda. Dakika 7 zikipita damu ingali maji, au bonge lake linavunjika ovyo, hapo kuna hatari.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au maumivu yakikaa chini ya mbavu za kulia, asingoje tarehe ya kliniki. Na wifi asishangae mama akitolewa damu tena hali amekwisha mpakata mtoto: chembe sahani zinaweza kuendelea kushuka siku moja au mbili baada ya kujifungua.