Anuwai kwenye kitengo cha uhusiano wa umma maana yake nini

"Kitengo chetu kina anuwai, wanne kati ya watano ni wanawake." Ukihudhuria vikao vya maafisa uhusiano hapa Dar, kauli ya namna hii haitakupita, na ikishatolewa ukumbi hupiga makofi. Mimi hubaki najiuliza: hao wanne wanaamua nini?

Maana kwanza, kwa haraka. Kitengo cha uhusiano kina anuwai pale wanaoamua taasisi iseme nini wanapokuwa wa aina nyingi kama walivyo wanaoambiwa, yaani kwa jinsia, rangi, kabila, umri, ulemavu na mahali walikokulia. Wazo hili halikuzaliwa kwenye ofisi za habari. W. Ross Ashby, daktari wa akili wa Uingereza aliyegeukia sayansi ya mifumo, aliandika mwaka 1956 kwamba mfumo unaotaka kuhimili misukosuko ya nje lazima uwe na majibu ya aina nyingi kama misukosuko yenyewe. James Grunig na wenzake, waliofanya utafiti mkubwa wa uhusiano wa umma kuanzia 1985, wakalileta kwenye fani. Ofisi yenye watu wa aina moja husikia aina moja ya malalamiko. Mwaka 2013 Mtwara ilipochafuka kwa sababu ya bomba la kuleta gesi Dar, wengi wetu huku tulishangaa tulipoona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Watu wa kule hawakushangaa hata kidogo.

Sasa kinachonikera. Watu huchanganya anuwai na idadi. Idadi ina mahali pake, na sheria zinaijua: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa rangi, kabila na jinsia, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ikihesabu vichwa inafanya kazi yake. Afisa uhusiano akiishia hapo, hajaanza.

Tazama mkutano na waandishi kwenye hoteli yoyote pale Posta. Dada wa mawasiliano amefika kabla ya wote. Amepanga vipaza sauti, ameweka bango nyuma ya meza, anawapigia simu wapiga picha waliokwama kwenye foleni. Taarifa kwa vyombo vya habari ameiandika yeye usiku. Ukiisoma, kila "alisema" ni la mkurugenzi, ambaye sentensi zile anakutana nazo muda huo akiwa mezani. Jina la dada liko chini kabisa, baada ya "Kwa taarifa zaidi wasiliana na". Siku kampuni ilipokaa kuamua kama ipunguze wafanyakazi, hakuitwa. Aliitwa kesho yake, aandike.

Glen Broom na David Dozier, watafiti wa uhusiano wa umma wa Marekani, waliyatenganisha majukumu haya zamani: kuna fundi wa mawasiliano, anayeandika na kupanga, na kuna meneja wa mawasiliano, anayeketi na wakubwa kuamua sera. Mwaka 1986 chama cha kimataifa cha wanamawasiliano wa biashara, IABC, kilitoa ripoti kuhusu wanawake waliokuwa wakiingia kwa wingi kwenye fani huko Amerika ya Kaskazini wakabanwa kwenye ufundi kwa mishahara midogo. Hali hiyo iliitwa geto la mahameli. (Si geto la msela wa Sinza, ni mtaa wa kufungiwa watu, ila huu una mapambo.)

Na hata aliyefika juu aliweza kufichwa. Doris Fleischman alikuwa mbia wa mumewe, Edward Bernays, mmoja wa waanzilishi wa fani hii Marekani, tangu miaka ya 1920, lakini ilikuwa nadra yeye kuonana na wateja, kwa hofu kwamba ushauri ukitoka kwa mwanamke utadharauliwa. Kwa upande wa rangi, Joseph Varney Baker, Mmarekani mweusi, alifungua kampuni yake ya uhusiano Philadelphia mwaka 1934, na kampuni kubwa zikamtafuta ili azifikishe kwa weusi. Kazi ilikuwa halali na aliifanya vizuri. Lakini kumwita mtu mweusi kwa ajili ya weusi tu ni kumpa dirisha badala ya mlango. Sisi tunayo yetu: mwenzetu mwenye asili ya Kihindi hukumbukwa kukiwa na jambo na wafanyabiashara wa Kisutu, na kampeni nzima huandikwa Nairobi halafu Mswahili wa Dar anaombwa "apitie lugha" jioni, asubuhi inakwenda hewani.

Halafu ile wanne kati ya watano. Ikiwa wote wana umri mmoja, wamepita chuo kimoja pale Mikocheni na wanaishi kati ya Mbezi Beach na Masaki, hapo anuwai ni haba, wawe wanawake au wanaume.

Kwa hiyo, ndugu afisa uhusiano, ukiandaa hotuba yako ijayo andika tu "kitengo chetu kina wanawake wengi". Ni kweli na ni jambo jema. Neno anuwai litunze mpaka mmoja wao atakapoweza kumwambia mkurugenzi "hili tusilifanye", na lisifanywe.