Migomba ya Kagera: majina mengi, mama mmoja

Ukitaja kupima vinasaba, wengi wanawaza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi ya mtoto aliyekataliwa na baba. Sisi tunaofanya utafiti wa migomba tunafanya kazi inayokaribiana sana na hiyo, ila wanaotafutiwa ukoo ni aina za ndizi za Kagera: Nshakara, Enyoya, Entobe na Enchoncho.

Mbinu yenyewe, ya kumtambua kiumbe kwa alama za vinasaba vyake, iligunduliwa na Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Ilianza kupata umaarufu kwenye kesi za uhamiaji na mauaji, kisha ikaingia mashambani.

Shambani tunakata kipande cha jani changa kabisa, lile ambalo bado limejiviringisha katikati ya mgomba. Jani lililokomaa lina utomvu na kemikali nyingi zinazovuruga vipimo, na kila aliyewahi kuvaa shati jeupe akivuna ndizi anaujua utomvu huo. Kipande kinatiwa kwenye mfuko wenye punje za silika, zilezile za vipakiti unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya, ili kikauke upesi kabla hakijaoza.

Maabara tunasaga jani, tunachuja vinasaba, kisha tunatazama sehemu chache tulizochagua, ambako herufi za vinasaba hujirudia: CT, CT, CT. Mgomba mmoja unaweza kuwa na marudio 12, mwingine 17. Sehemu hizo tunazizalisha nakala nyingi, tunazisukuma kwa umeme ndani ya jeli, na vipande vifupi vinatangulia, virefu vinabaki nyuma. Inabaki mistari kama ngazi. Mistari ikilingana kwenye sehemu zote tulizopima, tunajua hao ni ndugu wa karibu mno, au mmea uleule wenye majina mawili.

Hapo ndipo migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ilipotushangaza. Kuanzia Kagera hadi Uganda, Rwanda na Burundi, wakulima wana majina kwa makumi, na wataalamu nao waliigawa katika makundi matano kwa kutazama umbo la mkungu na matumizi, likiwemo kundi la ndizi za pombe. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba karibu yote ni kitu kimoja. Ndizi hizi hazina mbegu. Huzaliana kwa machipukizi. Chipukizi ni nakala ya mama yake, na inaelekea familia hii yote ilitokana na mgomba mmoja wa zamani, halafu mabadiliko madogo yakajitokeza na macho ya wakulima yakayadaka.

Kufanana huko hakujawa balaa kila mara. Mnyauko wa Panama wa aina ya kwanza, ugonjwa wa kuvu uliofyeka mashamba ya Gros Michel (bogoya, kwa Waganda) Amerika ya Kati, hauziwezi ndizi hizi. Lakini kinga ya pamoja inamaanisha udhaifu wa pamoja. Unyanjano, yaani mnyauko wa bakteria, ulipoingia Kagera mwaka 2006, hakukuwa na Nshakara wala Enchoncho ya kukimbilia.

Sasa ulinganishe na Mchare wa Kilimanjaro, ule wa mtori. Una seti mbili za kromosomu, yaani 22, wakati wa Kagera una tatu, yaani 33. Aina zake ni chache. Hata hivyo alama zake za vinasaba zilipolinganishwa na za ndizi za dunia nzima, ukoo wake, ambao una ndugu Zanzibar na Komoro, ulionekana kuwa mzazi wa Gros Michel na wa Cavendish, ndizi iliyojaa supamaketi za Ulaya. Ndizi hizo mbili zilichukua seti mbili kati ya tatu kutoka upande huo. Kwa mzalishaji wa mbegu hiyo ni taarifa ya thamani: Mchare ni mlango wa kuingilia kwenye ndizi ambazo zenyewe ni tasa. Na Mchare, tofauti na ndizi za Kagera, unashambuliwa na mnyauko wa Panama.

Nina onyo moja kwa wenzangu wa maabara. Tunapima sehemu chache tu za vinasaba, na mistari kufanana hakumaanishi ladha kufanana. Bibi wa Bukoba akikwambia hii ni ya kupika na ile ni ya rubisi, pombe ya ndizi, usimbishie kwa sababu jeli yako haikuona tofauti. Tofauti ipo, ila iko mahali ambapo hatukuchungulia.

Kwa hiyo kabla silika haijaingia mfukoni, tunaandika kwa kalamu isiyofutika jina alilolitaja mwenye shamba, kwa lugha yake, pamoja na matumizi ya ndizi hiyo. Namba ya maabara inaandikwa chini yake.