Sintetiki au ya kawaida? Fungua kwanza kitabu cha gari

Niliwahi kufungua injini ambayo mwenyewe aliniapia haijawahi kuonja oili ya bei rahisi. Nilipotoa kifuniko cha vali nikakuta tope jeusi, zito kama lami, limeziba vijia vya oili. Hakunidanganya. Alikuwa akitia sintetiki, tena nzuri. Ila aliambiwa "hii inadumu", basi akaiacha humo zaidi ya kilomita 25,000, filta ile ile, na safari zake zote zilikuwa fupifupi, injini haipati hata muda wa kupata moto. Safari za namna hiyo huacha maji na petroli ndani ya oili, na hakuna jina kwenye kopo linaloweza kuyatoa.

Oili ya kawaida ni mafuta ghafi yaliyosafishwa. Ndani yake mna molekuli za kila umbo, pamoja na mabaki ya nta na salfa. Ya sintetiki hutengenezwa kiwandani mpaka molekuli zake zifanane, na kufanana huko ndiko unakolipia: kwenye baridi inatiririka upesi, kwenye joto kali haiwi nyepesi kama maji wala haipotei haraka kwa mvuke. Lakini neno lenyewe lina utata. Sintetiki nyingi zilizopo sokoni nazo zinatokana na mafuta ghafi, yale yaliyopikwa upya kwa haidrojeni, ambayo API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, huyaweka kundi la tatu. Mwaka 1999 huko Marekani, kampuni ya oili ya Mobil iliwalalamikia wenzao Castrol kwa kuyaita hayo sintetiki, na chombo kinachosuluhisha mizozo ya matangazo kikawapa haki Castrol. Kwa hiyo sioni sababu ya kubishana sana juu ya neno hilo.

Mimi nasoma namba na herufi zilizo kwenye kopo. Kwenye 5W-30, namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi. Inayofuata ni uzito wake, yaani mnato, ikiwa na joto la nyuzi 100. Kisha natafuta daraja la API: S kwa injini za petroli, C kwa dizeli. SP, kwa mfano, ilianza kutumika mwaka 2020. Kopo lililoandikwa SA au SB liache hapo hapo lilipo, hayo ni madaraja ya injini za zamani sana. Kitabu cha gari kikidai 0W-20, mjadala umekwisha, kwani oili nyepesi hivyo haitengenezeki vizuri kwa mafuta ya kawaida. Kikiruhusu 20W-50 au 15W-40, na injini haina turbo (feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), oili ya kawaida yenye daraja sahihi inatosha kabisa, ilimradi unaimwaga kwa wakati pamoja na filta.

Penye turbo sina mjadala: sintetiki. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande mmoja inachomwa na moshi wa egzosi. Ukizima gari ghafla baada ya mwendo mkali, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa masizi magumu. Sintetiki huvumilia hilo zaidi, ingawa hata yenyewe ina kikomo. Gari linalovuta mizigo mizito au linalowashwa kwenye baridi kali nalo naliweka fungu hilo hilo.

Injini iliyochoka, inayokula oili kila wiki, sioni faida ya kuilisha sintetiki ya gharama. Pima kwa kijiti, ongeza, na upange kuitengeneza. (Wenye pikipiki, msichukue oili ya gari bila kusoma kopo: klachi yenu inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na nyingine huifanya iteleze. Tafuteni JASO MA, daraja la Kijapani la oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.)

Kuchanganya sintetiki na ya kawaida hakuharibu injini. Zile "nusu sintetiki" ni mchanganyiko huo huo. Oili kugeuka nyeusi pia si dalili ya ubovu, mara nyingi inafanya kazi yake ya kubeba uchafu. Na habari kwamba sintetiki huvujisha injini za zamani ina chembe ya ukweli: inaweza kuosha uchafu uliokuwa umeziba sili iliyokwisha kufa. Ndiyo maana gari la umri mkubwa linapohamia sintetiki, oili ya kwanza naimwaga mapema, kilomita 3,000 hivi, nakata filta niangalie imekamata nini.