Barbados, Cuba na ile meli ya siku 180

Wanafunzi wangu wa diplomasia huniuliza swali hili karibu kila mwaka, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linapopigia kura vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba: kisiwa cha Karibi kama Barbados kinapata wapi ubavu wa kupingana na Marekani? Eneo lake ni kilomita za mraba 430 hivi, takriban robo ya Unguja, na wakazi wake hawafiki laki tatu. Dola yake imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1975, mbili kwa moja. Na bado kura yake inakwenda upande wa Cuba.

Kabla ya kujibu, tutenganishe vitu viwili ambavyo magazeti yetu huvitia kapu moja. Kuna vikwazo vinavyowekwa na Baraza la Usalama chini ya Kifungu cha 41 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Hivyo vinamfunga kila mwanachama, apende asipende. Halafu kuna vikwazo vya nchi moja dhidi ya nyingine, kama marufuku ya biashara na Cuba aliyoitangaza Rais Kennedy Februari 1962. Hivyo ni sheria ya Marekani, na Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, haikuapa kuitii. (Katikati ya hivyo viwili kuna vya kikanda. Wasomaji wa huku kwetu watakumbuka Burundi ya 1996, majirani zake, Tanzania ikiwemo, walipoifungia biashara baada ya mapinduzi ya Buyoya.)

Kwa hiyo si kweli kwamba Barbados inachukia vikwazo vyote. Iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 9 Desemba 1966, na wiki moja baadaye Baraza la Usalama likaiwekea Rhodesia (leo Zimbabwe) vikwazo vya lazima vya kiuchumi, vya kwanza katika historia ya chombo hicho. Siku ile ya kuingia, Waziri Mkuu Errol Barrow aliwaambia wajumbe kuwa nchi yake itakuwa rafiki wa wote na kibaraka wa yeyote haitakuwa. Maneno matamu, ungesema, na kila taifa jipya huwa nayo. Mtihani ulikuja miaka sita baadaye. Tangu 1964 Jumuiya ya Nchi za Amerika, OAS, ilikuwa imewataka wanachama wake wakate uhusiano na Havana. Tarehe 8 Desemba 1972, Barbados, Guyana, Jamaika na Trinidad na Tobago zikaanzisha uhusiano wa kibalozi na Cuba siku moja, kwa pamoja. Hiyo siku moja ndiyo iliyobeba hesabu yote: nchi moja ndogo ikijitokeza peke yake inaadhibiwa, nne zikijitokeza kwa mpigo zinakuwa tatizo la kisiasa. Mwaka 1975 OAS yenyewe ikawaachia wanachama wake waamue watakavyo.

Lakini kura na ubalozi ni jambo moja, gati ni jingine. Chukua ajenti wa meli bandarini Bridgetown. Sheria ya Marekani ya 1992 inasema meli iliyotia nanga Cuba kwa biashara isipakie wala kushusha shehena katika bandari ya Marekani kwa siku 180, isipokuwa kwa kibali. Sasa makontena ya mchele, vipuri na dawa yanayokuja kisiwani mengi yanapitia Florida. Ajenti anapiga hesabu ya safari moja ya Havana dhidi ya nusu mwaka bila Florida, na anafunga daftari. Hakuna aliyemkataza kwa sheria ya Barbados. Benki nayo ni hivyo hivyo: malipo ya dola hupitia New York, na yakiandikwa Cuba yanaweza kukwama hukohuko. Serikali inapinga vikwazo huku wafanyabiashara wake wakivitekeleza bila kuambiwa.

Serikali yenyewe nayo imewahi kurudi nyuma. Mwishoni mwa 1975 ndege za Cuba zilizobeba askari kwenda Angola zilikuwa zikijaza mafuta Seawell, uwanja wa ndege wa Barbados. Marekani ikabana, na Desemba Barbados ikasimamisha. Mimi siuoni huo kama usaliti. Uhusiano ulibaki, lililofungwa ni bomba la mafuta. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba 1976, ndege ya abiria ya Cuba iliyopaa kutoka uwanja huohuo ililipuliwa kwa bomu, na watu wote 73 wakafa. Mnara wa kumbukumbu yao uko Payne's Bay, pwani ya magharibi.

Huko New York, azimio la kupinga vikwazo lilipata kura 59 mwaka 1992. Mwaka 2024 zilikuwa 187 dhidi ya mbili, kisha 2025 zikashuka hadi 165 baada ya Washington kuwashawishi wengi.

Mwaka huohuo wa 2025 Marekani ilitishia kuwanyima viza maafisa wa nchi zinazotumia madaktari na wauguzi wa Cuba. Barbados ilikuwa imepokea wahudumu wa afya 101 kutoka Cuba Aprili 2020, corona ilipoanza. Waziri Mkuu Mia Mottley aliliambia bunge mwezi Machi kwamba kwa wakati ule nchi yake haikuwa na hata mmoja wao, lakini hatakana msaada walioupata. Na kama gharama ni viza yake ya Marekani, basi waichukue.