Mwacheni kijana namba sita: dhana potofu kuhusu mpangilio wa wapigaji katika kriketi ya Testi

Jumamosi iliyopita mzazi mmoja aliegemea nyavu tunazofanyia mazoezi, akasubiri nimalize, akaniambia: "Kochi, timu ikizama dawa ni kumweka kijana mbele. Kijana wangu mpe namba tatu, apate uzoefu. Hata kwenye Testi ndivyo wanavyofanya." Namba ni nafasi ya kuingia kupiga: wawili wa kwanza hufungua, wa tatu huingia mmoja wao akitolewa, na kuendelea hivyo. Nafundisha wapigaji hapa Nairobi, na maneno haya nimeyasikia kwa wazazi, kwa wachezaji, na kwa watu wazima wanaotazama mechi za Testi, zile za kimataifa za siku tano, kwenye televisheni ya klabu. Kenya haijawahi kucheza Testi, kwa hiyo hatuna budi kujifunza kwa wenzetu. Basi tujifunze yaliyotokea kweli.

"Timu ikiyumba, mwenye kipaji apelekwe namba tatu, huko ndiko atakakokomaa." Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, maana imeharibu vijana wengi na bado inasemwa kana kwamba ni hekima ya wazee.

Kwenye begi langu huwa na mipira miwili myekundu. Mmoja umetumika ova tano, mwingine ova hamsini, na ova moja ni mipira sita inayorushwa. Nilimpa mzazi yule aipitishie ukucha. Kwenye ule wa kwanza ukucha ulikwama, maana mshono bado umesimama na ngozi inang'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi. Kwenye ule wa pili ukucha ulipita bila kizuizi, na upande mmoja ulikuwa umekwaruzika kama kisigino cha kiatu cha shule. Mpira mpya ukidunda juu ya mshono, hata aliyeurusha hana hakika utakatia ndani au utatoka nje. Dawa yake ni kujua upi wa kupiga na upi wa kuuacha upite, na kwa mpigaji kuacha mpira ndilo somo linaloingia mwisho kabisa. Kijana wa miaka 20 amefika alipofika kwa kupiga. Ukimpeleka akutane na mpira wa ova ya tatu, ataufuata nje ya kisiki, atagusa kwa ukingo wa gongo, na slipi, wale wanaosimama nyuma yake kando ya mlinda wiketi, watamshika.

Sasa fikiria timu inayozama. Wapigaji wa kufungua hawadumu, ndiyo maana inazama. Kwa hiyo namba tatu wa timu hiyo hapati kuvaa pedi na kupumzika. Anaingia ova ya pili, ubao unasoma mikimbio minne, warushaji wa kasi bado wana pumzi zote na uwanja mzima unamzunguka. Kwenye timu nzuri namba tatu ni kazi ngumu. Kwenye timu mbovu ni kufungua kwa jina lingine.

Mfano ninaoutoa kila mara ni Joe Root, mpigaji wa Uingereza. Alianza Testi Desemba 2012 mjini Nagpur, India, akiwa na miaka 21. Uingereza ilimweka namba sita, akapiga 73 kwa mipira 229. Mei 2013 alifunga mia yake ya kwanza, yaani mikimbio mia au zaidi katika zamu moja ya kupiga, pale Headingley, Leeds, akipiga namba tano, 104. Kijana ametulia na anajua kazi yake. Wakafanya nini? Wakampandisha kufungua kwenye Ashes, mfululizo wa Testi dhidi ya Australia. Pale Lord's, London, alipiga 180, na watu hadi leo wananitajia hiyo 180. Lakini mfululizo mzima alipata mikimbio 339. Toa hiyo zamu moja, zimebaki 159 katika zamu tisa. Majira ya baridi wakaenda Australia, timu ikaanza kubomoka. Brisbane alirudishwa namba sita. Jonathan Trott, aliyekuwa namba tatu, alipoondoka kurudi nyumbani, Root akasukumwa namba tatu kuziba pengo. Alipiga 87 Adelaide, kisha akadidimia, na mechi ya tano pale Sydney aliachwa nje. Uingereza ilifungwa 5-0.

Ndani ya mwaka mmoja walimpitisha namba sita, tano, kufungua, sita tena, tatu, halafu benchi. Hakuna fundi anayejifunza kazi huku anahamishwa karakana kila mwezi. Juni 2014 walimrudisha namba tano dhidi ya Sri Lanka, pale pale Lord's, akapiga 200 bila kutolewa. Gongo lilikuwa lile lile na kijana ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na watu wa kuuchosha mpira mpya kabla yake, na hakuna aliyemwambia akawe mlinzi wa nyumba. Leo ni Sachin Tendulkar wa India peke yake aliyemzidi mikimbio ya Testi.

Nikipewa timu inayozama, ninavyopanga mimi ni hivi, na sibadiliki. Wazee wapande juu. Mwenye miaka 33 aliyezoea kiti chake cha namba tano aende namba tatu akafanye kazi anayolipwa kuifanya. Kijana awe wa sita, mzee mmoja mtulivu awe wa tano ili wakutane katikati, na mlinda wiketi anayejua kupiga awe wa saba, kijana asibaki peke yake na watu wa mkiani, warushaji wasiojua sana kupiga. Kisha apewe zamu kumi bila kuguswa. Kumi. Si nne, wala si mpaka magazeti yapige kelele. Anayesema hawezi kusubiri zamu kumi, huyo hajengi mpigaji, anacheza bahati nasibu.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja Afridi wa Pakistan, hasa hapa Nairobi, maana jambo lilitokea kwetu. Ni kweli. Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Gymkhana, Shahid Afridi aliyeandikishwa kuwa na miaka 16 alitumwa namba tatu na kufikisha mia kwa mipira 37. Lakini ile ilikuwa mechi ya siku moja. Pakistan ilikuwa inatafuta mtu wa kubamiza mapema kama Sri Lanka walivyofanya walipotwaa Kombe la Dunia mwaka huo. Angetolewa kwa mpira wa kwanza, timu isingepoteza kitu, maana alitumwa kujaribu. Kwenye Testi una siku tano, na namba tatu wako akitolewa kwa sifuri amewaleta wenzake wote mbele ya mpira mpya. Msichanganye kazi hizi mbili.

"Namba sita ni kumficha mtoto." Anayesema hivi hajawahi kupiga namba sita kwenye timu inayofungwa. Baada ya ova 80 nahodha wa wapinzani anachukua mpira mpya wa pili, na mara nyingi ni namba sita anayekutana nao. Nenda Old Trafford, Agosti 1990. India inafukuza mikimbio 408 siku ya mwisho dhidi ya Uingereza, wiketi sita zimeanguka, yaani wapigaji sita wametolewa, kwa mikimbio 183, na aliyebaki kati ni Tendulkar, miaka 17, namba sita. Yeye na Manoj Prabhakar walisimama mpaka jioni, India ikamaliza 343 bila wiketi nyingine kuanguka, mechi ikatoka sare. Tendulkar alikuwa na 119, mia yake ya kwanza. Namba sita huwapa vijana kazi kubwa, ila huwapa na muda wa kuitazama pichi kabla ya kuingia.

"Akifunga mia, apandishwe mara moja." Hapana. Mohammad Ashraful alifunga 114 kwenye Testi yake ya kwanza, Colombo, Septemba 2001, na hadi leo ndiye kijana kuliko wote kufunga mia ya Testi, miaka 17. Bangladesh ilifungwa mechi hiyo kwa zamu nzima na mikimbio 137. Kuanzia siku ile nchi nzima ilimtaka awe mwokozi. Alicheza Testi 61 na kumaliza na wastani wa 24. Mia moja inakuonyesha kijana anaweza. Haikuonyeshi kwamba amemaliza kujifunza.

"Namba ni cheo, kushushwa ni kuaibishwa." Hili nalijibu kwa habari moja tu. Melbourne, Januari 1937, pichi imelowa kwa mvua na Australia ipo nyuma 2-0. Don Bradman, nahodha na mpigaji bora duniani, akageuza mpangilio. Aliwatuma warushaji wakafungue, yeye akajiweka namba saba, akangoja pichi ikauke. Alipiga 270, akaongeza 346 pamoja na Jack Fingleton, na Australia ikaja kushinda mfululizo ule 3-2. Kama Bradman alijishusha mpaka saba, mtoto wa mtu gani ataaibika kwa sita?

Kuhusu kuchanganya wa kushoto na wa kulia, nasikia sana. Inasaidia kidogo kumsumbua mrushaji. Haitoshi kuwa sababu ya kumpandisha mtoto.

Mzazi yule alinirudishia mipira yangu, akaniuliza namba tatu basi nitampa nani. Nilimwonyesha nahodha wetu aliyekuwa akifunga pedi zake upande wa pili wa nyavu, miaka 34, magoti yote mawili yamefungwa bandeji. Nimeshamwambia. Jumamosi hii yeye ni wa tatu, na kijana ni wa sita, zamu ya kwanza kati ya kumi.