Pedali ya kreshendo kwenye ogani: inafanya nini na kwanini imekaa vibaya

Ukiangalia chini ya ogani kubwa ya kanisani, ile ya mabomba, utaona kibodi ya miguu, na juu yake kidogo, usawa wa katikati, kuna vipedali vipana vya saizi ya soli ya kiatu, viwili, vitatu, wakati mwingine vinne. Vyote vinafanana. Ukimuuliza mtu atakwambia hizo ni za sauti, kuongeza na kupunguza. Sio zote. Ile ya mwisho kulia kwa kawaida ndio pedali ya kreshendo, na kazi yake ni nyingine kabisa.

Tuanze na jirani yake, pedali ya sweli. Kuna mabomba yamefungiwa ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye vibao mbele, ukikanyaga vibao vinafunguka na sauti inatoka zaidi, ukirudisha vinafunga. Mabomba yanayolia ni yaleyale. Kreshendo yenyewe haigusi sanduku lolote, inaita stopu. Stopu ni vile vifundo vya kuvuta pembeni ya kibodi, kila kimoja kinaamsha safu yake ya mabomba. Yaani sweli ni kwaya ileile inaimba chumbani halafu mtu anafungua mlango, kreshendo ni waimbaji wapya wanazidi kuingia mpaka chumba kinajaa.

Na wanaingia kwa mpangilio aliouweka fundi. Kwanza filimbi laini, halafu safu zenye sauti ya msingi ya ogani, halafu za oktavu za juu, halafu zile mchanganyiko zenye ukali, mwisho kabisa tarumbeta na mabomba mazito ya besi. Katikati ya hapo zinaingia kapla, zile za kuunganisha kibodi moja na nyingine. Tremolo, ile ya kuitetemesha sauti, kwa kawaida inaachwa nje, na stopu zilizotyuniwa kwa makusudi zipishane kidogo na wenzake pia mara nyingi zinaachwa, maana zikichanganyika na ogani nzima inasikika kama imeharibika.

Faida yake iko wazi. Unataka kutoka kwenye mnong'ono mpaka ogani nzima bila kuachia nota hata moja, mikono yote miwili iko kazini, nani atavuta vifundo thelathini? Ubeti wa mwisho wa wimbo, maandamano yanaingia na padri bado yuko mlangoni, mtu anabuni kitu papo hapo na hajui atafika wapi, hapo inasaidia sana. Wajerumani ndio waliifikisha mbali zaidi. Ogani za fundi Wilhelm Sauer, mfano ile ya Berliner Dom, kanisa kuu la Berlin, ya mwaka 1905 yenye stopu 113, hazina kipedali cha kukanyaga kwa kazi hiyo, zina Walze, roli kabisa unayoiviringisha kwa mguu, na mbele ya macho kuna kisahani chenye mshale kinachoonyesha umefika namba ngapi. Muziki wa mtunzi Max Reger, unaopanda kutoka kimya mpaka kishindo ndani ya kurasa chache, unaendana kabisa na ogani za namna hiyo. Wafaransa walienda njia nyingine, kwenye ogani za fundi wao Cavaillé-Coll mguu unaita kundi zima la stopu kwa mpigo mmoja, kwahiyo sauti inapanda kwa ngazi.

Sasa shida. Ya kwanza kila mtu anaijua: kreshendo imebanana na sweli, umbo lilelile, na mpigaji macho yako kwenye nota, sio kwenye viatu. Mguu ukiteleza sentimita chache tu, sala ya kimya inapata tarumbeta. Kwa waliozoea vinanda vya umeme ni mbaya zaidi, maana kule pedali pana ni ya sauti basi, mguu umeshazoea hivyo.

Ya pili ni kwamba kwenye ogani nyingi haionekani ikifanya kazi. Vifundo havisogei, viko vilevile kama ulivyoviacha, kumbe ndani kuna stopu kumi zimeongezwa. Ukiiacha imefunguka kidogo, unabonyeza kitufe cha mpangilio laini, kile kinachoita stopu laini ulizopanga mapema, na bado sauti inatoka nene, unaanza kulaumu kitufe. Ndio maana konso, yaani sehemu anayokaa mpigaji yenye kibodi na vifundo, zina taa au namba za kuonyesha imefika wapi, ingawa kwenye za zamani unaweza kukuta kitaa kimoja tu, kinawaka na hakikwambii zaidi.

Lakini kwangu mimi shida kubwa ni ya tatu, na hii haizungumzwi sana. Pedali iko kulia kwahiyo ni ya mguu wa kulia, sawa, ila mguu wa kulia nao una nota zake za kupiga. Na muziki unapopanda kuelekea kilele ndipo besi nayo inazidi kuwa na kazi, yaani mguu unaitwa kwingine wakati huohuo unaohitajika chini. Unabaki na mguu wa kushoto unahangaika peke yake, na besi ikikimbilia nota za juu, huko kulia, unajikunja kiuno. Wengine wanasubiri mwanya kwenye besi wanasukuma kidogo kidogo, wengine wanaweka msaidizi pembeni.

Kuihamisha nako sio rahisi. Katikati pamechukuliwa na sweli, na ni haki yake kwasababu inatumika karibu muda wote, ukiipeleka kreshendo kushoto unahamisha tu tatizo. Roli ya Wajerumani kwa maoni yangu ndio jibu zuri zaidi, mguu unajua mara moja umegusa nini, ingawa kutoka mwanzo mpaka mwisho unasukuma mara kadhaa. Amerika wao wamebaki na kipedali kilekile, ila kwenye konso za kisasa unaweza kupanga mwenyewe stopu zipi ziingie na kwa mfuatano gani, na nyingine zina swichi ya kuizima kabisa kama wimbo hauihitaji.